Ndugu Kwanza, Redio Baadaye

Benchi lenyewe ni la mbao, linakaliwa na watu wanne wanaopatana au watatu waliogombana, na mguu wake mmoja ulivunjika zamani ukasaidiwa na tofali. Liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na ukivuka tu barabara unaingia kwenye jengo la ghorofa nne la kampuni ya meli. Kila asubuhi Shangazi hutua hapo na jiko la mkaa, buli na vikombe vyake vidogo, na maji yakianza kuchemka wenyewe wa kijiwe wameshajipanga. Yupo Nanga, aliyekata tiketi kwenye kivuko cha mto miaka mingi, na tangu hapo hakuna jambo la bahari asilolijua. Yupo Bima, aliyeuza bima za pikipiki kwa kipindi kifupi. Kazi aliiacha lakini lugha yake haikumwacha. Yupo Kinyozi mwenyewe, ambaye mkono mmoja unanyoa na wa pili unarekodi ujumbe wa sauti wa kutuma kwenye makundi ya simu. Na yupo msemaji wa ile kampuni ya meli, kijana mpole wa shati jeupe. Huyo benchi limembatiza Tutawajuza, kwa sababu umwulize lolote la kazini kwao, hata kama leo wamekunywa chai, atakujibu hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo Tutawajuza alivuka barabara mapema kuliko desturi yake, akaketi pembeni kabisa, akaweka simu juu ya goti na kuikodolea macho. Habari ilikuwa imeshaenea mji mzima kwamba meli ya kampuni yao imeshambuliwa baharini. Redio ilikuwa inairudia kila baada ya wimbo, bila kuongeza hata neno. Benchi lilimwona akija, likakaa mkao wa kula.

— Karibu, karibu, alisema Nanga akimsogezea nafasi. Tupe mpya.

— Tutawajuza, alisema Tutawajuza.

Benchi likaangua kicheko, na mteja aliyekuwa kwenye kiti cha kunyolewa akacheka pia, mpaka Kinyozi akamshika kichwa asije akakatwa sikio. Tutawajuza alitabasamu kwa adabu. Ndani kwa ndani alikuwa anaungua.

Maana ukweli alikuwa nao tangu alfajiri. Droni moja iliruka ikapiga makontena ya nyuma, moto ukawaka, mabaharia wakahangaika nao mpaka wakauzima, na meli ikaendelea na safari yake kwa mwendo wa pole. Wote wazima. Nahodha amethibitisha kwa simu ya setilaiti, akawataja mabaharia wake mmoja mmoja. Habari njema namna hiyo mtu haipati kila siku, na msemaji alikuwa ameikalia kimya, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuitoa.

Na aliyeweka kizuizi ni yeye mwenyewe. Alipoajiriwa alipigania kanuni moja mpaka sauti ikamkauka: ndugu kwanza, redio baadaye. Meli ikipatwa na jambo, neno lisitoke kwa yeyote mpaka kila familia ya baharia iwe imeambiwa, na iambiwe na mtu anayezungumza kama mtu. Mkurugenzi alikubali shingo upande. Leo kanuni hiyo ilikuwa imekwama kwenye familia moja tu, ya mpishi wa meli. Namba ya mama yake ilikuwa inapigwa bila kupumzika, na kila mara ile sauti ya mashine inajibu kwamba mteja hapatikani. Mkurugenzi alikuwa ameishiwa subira. Waandishi wa habari walikuwa wamejazana getini, na alishasema adhuhuri ikifika taarifa inasomwa, mama awe amepatikana au asiwe.

Taarifa yenyewe ndiyo iliyomtia Tutawajuza uchungu. Mwanasheria wa kampuni alikuwa ameipitia na kufuta kila palipoandikwa kwamba watu ni wazima, akidai hilo haliwezi kusemwa mpaka daktari awapime. Palibaki "tukio" na "hali imedhibitiwa." Tutawajuza alijaribu kuisikiliza kwa masikio ya mama mmoja aliyesimama dukani, redio ikiwa juu ya kabati, akaona mama huyo hataelewa kitu ila kwamba mwanawe ameshakufa na watu wanatafuta namna ya kusema. Akahisi machozi yanakuja mbele ya mwanasheria. Akaona heri ashuke anywe kahawa.

Shangazi alimmiminia bila kuulizwa. Benchi nalo, lilipoona halipewi kitu, likaanza kujipikia lenyewe.

Wa kwanza alikuwa Nanga. Alisema yeye hawezi kudanganywa na redio, kwa sababu bahari anaijua. Kombora lina mlio wake na droni ina mlio wake, na hakuna baharia aliyesema amesikia mlio, kwa hiyo meli imepigwa kutokea chini.

— Nyambizi, alisema, akakata mkono hewani kufunga mjadala. Mimi nyambizi nimeiona kwa macho yangu, kivukoni.

— Kivuko chenu si cha mtoni? aliuliza Bima.

— Ndiyo.

— Nyambizi ilifuata nini mtoni?

— Ilikuwa imepotea. Kwani wewe hujawahi kupotea?

Bima akamhurumia. Akasema tatizo la mtaa huu ni kufikiri kila kitu kimepigwa, wakati vingine vinajipiga. Akaeleza kwa utaratibu, kama anayemuuzia mwenye pikipiki bima ya mtu wa tatu, kwamba meli ikizeeka inakula zaidi ya inavyoleta, na ikizama inalipwa. Mwenye akili ajumlishe.

— Kwa hiyo unasema meli yao imejichoma? aliuliza Kinyozi.

— Mimi sijasema. Mimi nimesema ajumlishe.

Tutawajuza alimeza funda la kahawa likamchoma koo. Meli ile ilikuwa mpya, rangi yake bado ilikuwa inanukia. Alifungua mdomo, akakumbuka kanuni, akaufunga. Nanga alimwona.

— Mnaona? Kakaribia kusema. Bima, umegusa penyewe.

— Sijasema kitu, alisema Tutawajuza.

— Ndiyo tunayoyasema. Mtu asiye na la kuficha angeshatukana.

Hapo Kinyozi akazima mashine yake, na ikizimwa hiyo huwa jambo ni zito. Akasema wenzake wanapoteza muda na sababu, wakati yeye ana matokeo. Shemeji wa mteja wake mmoja ana rafiki anayefanya kazi bandarini, na rafiki huyo amesema meli imekwenda chini yote. Watu wameng'ang'ania makontena yanayoelea. Waliopata kontena la magodoro wamelala vizuri, ila waliopata la majokofu wanapata shida.

— Kontena la magodoro linaelea? aliuliza Shangazi.

— Godoro linaelea, Shangazi. Sembuse mia nane.

— Na pomboo wanawasukuma, aliongeza Nanga, ambaye hakupenda kuachwa nyuma kwenye mambo ya maji.

Kuanzia hapo hapakushikika. Bima akasema pomboo wa siku hizi wanafundishwa kijeshi. Nanga akaacha nyambizi yake akahamia kwenye sumaku: kuna kisiwa, hawezi kukitaja kwa usalama wa benchi, ambacho kimetegesha sumaku kubwa chini ya bahari, meli ikipita inavutwa, mizigo inashushwa, halafu inapigwa moto kupoteza ushahidi. Alisema ndiyo maana saa yake ya mkono imekuwa inachelewa tangu juzi.

— Sumaku ya kuvuta meli huko baharini, alisema Shangazi akikoleza mkaa, na sufuria zangu hizi hapa hata kutikisika hazijatikisika.

— Za kwako ni za alumini.

— Kumbe sumaku yako inachagua.

Bima alicheka mpaka kahawa ikampanda puani. Hata Tutawajuza alicheka, akacheka kwa kweli, na kwa muda mfupi mzigo ukampungua. Alilipenda benchi hili. Kule juu watu wazima walikuwa wanabishana tangu alfajiri kama neno "moto" linaweza kuandikwa "ongezeko la joto," na hakuna hata mmoja aliyecheka. Lakini simu ilimtikisa gotini. Ni dada wa chumba cha mawasiliano aliyeandika kwamba amepiga tena ile namba ya mama wa mpishi, haipatikani, na kwamba Mkurugenzi ameanza kufunga tai.

Benchi lilimwona anavyokunja uso, likamwonea huruma kwa namna yake. Likaamua kumsaidia kuandika taarifa. Bima akapendekeza aseme meli imepata hitilafu iliyotoka nje ya meli. Nanga akasema aseme tu meli inapumzika, kwani nani atakwenda kuangalia? Kinyozi akajitolea kuisoma taarifa yenyewe kwa sauti yake, kwa kuwa tayari ana wasikilizaji. Shangazi peke yake ndiye aliyeuliza kwa nini wasiseme meli imepigwa, kama imepigwa. Wakamwangalia kwa upendo, wakamwambia mambo ya kampuni hayaendi hivyo.

Walipogeuka, mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele yao, na hakuna aliyemwona akivuka barabara. Mama wa makamo, mtandio umemteleza kichwani, viatu vimejaa vumbi, simu ndogo ya kioo chenye ufa ameishika kwa mikono miwili. Kinyozi akamwamkia, naye akaitikia taratibu. Akasema ametokea kule getini. Mlinzi amekataa kumpitisha, akamwambia leo haingii mtu asiye na miadi, akamwonyesha hili benchi na kumwambia akakae na wale, wale wanajua kila kitu.

Sentensi hiyo iliwapendeza sana. Bima alisimama kumpisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, na Nanga akajifuta mdomo tayari kwa kazi.

— Ni habari ya meli, mama? Umefika penyewe. Tuanzie kwenye nyambizi au kwenye sumaku?

— Anzieni popote, wanangu, alisema yule mama akiketi. Mimi ninayemtafuta ni mtu mmoja tu. Mpishi wa ile meli. Ni mwanangu.

Tutawajuza aliweka kikombe chini. Kabla hajapata pa kuanzia, yule mama alikuwa ameinua simu yake.

— Jirani yangu alinitumia hii. Nimeisikiliza njia nzima. Nimekuja mjini kwa ajili ya huyu mtu, kwa sababu anaonekana anajua. Labda nyinyi mnaifahamu sauti yake.

Akabonyeza. Ikatoka sauti nene, yenye furaha ya mtu aliyewahi kuliko wenzake, na nyuma yake mashine ya kunyolea inanguruma: ndugu zangu wa kundi hili, nina habari za uhakika, meli imekwenda chini na watu wake wote, aliyenipa habari yupo ndani ya bandari, tuma kwa wengine.

Hakuna aliyehitaji kugeuka kumwangalia Kinyozi, lakini wote waligeuka. Hata mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, aligeuka. Kinyozi alikuwa ameishikilia ile mashine kifuani.

— Ni mimi, mama, alisema.

— Ni wewe? Afadhali. Basi niambie, uliwaona wakizama?

— Sikuwaona.

— Nani aliwaona?

— Kuna mteja wangu. Yaani, shemeji yake. Yaani, rafiki wa shemeji yake.

— Huyo rafiki ndiye aliyewaona?

Aibu ilimshika Kinyozi waziwazi, na kwa mtu anayeishi kwa kusema hilo lilikuwa zito kuliko kupigwa. Yule mama alimtazama kidogo, bila hasira, akaacha kumtazama. Macho yake yakapita kwa Nanga, yakapita kwa Bima, yakapita hata kwa Shangazi.

— Nauliza jambo dogo, wanangu. Katika nyinyi nyote, yupo anayejua kama mwanangu yu hai?

Lile benchi lililoijua bahari juu na chini lilitazama chini. Bima alianza kusafisha miwani ambayo ilikuwa safi. Na aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi akainuka kutoka pembeni, akaja akachuchumaa mbele ya yule mama ili macho yao yalingane.

Kanuni yake ilitaka familia iambiwe faraghani. Lakini kulihamisha benchi lile ni kazi ya siku nzima, na huyu mama hakuwa na hata dakika moja ya kuongezewa.

— Yu hai, mama. Mimi ni msemaji wa kampuni ya meli. Mwanao ni mzima, hajaumia, na wenzake wote ni wazima. Meli imepigwa na droni, ikashika moto, wakauzima. Haijazama. Nahodha mwenyewe amewataja wote kwa majina, na mwanao yumo.

— Rudia.

— Yu hai, mama.

— Rudia tena, hapo tu.

Akarudia. Akarudia tena na tena mpaka yule mama akapumua kwa kishindo, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Shangazi aliacha buli lake akaja akamkumbatia kwa upande, na yeye mwenyewe akawa analia bila kujua. Nanga alipiga chafya ambayo haikuwa chafya. Tutawajuza aliona furaha inampanda kama mtu aliyetuliwa gunia, na aliitikia kila alichoulizwa, mara mbili mbili.

Yule mama alipojifunua, machozi yalikuwa yameisha na palibaki mzazi.

— Sasa kama mlijua tangu asubuhi, mbona hamkunipigia?

— Tumekupigia, mama. Mpaka sasa hivi ofisi nzima inakupigia. Hupatikani.

— Simu yangu iko wazi tangu jana. Hii hapa. Mnapiga namba gani?

Tutawajuza alimsomea kutoka kwenye simu yake. Alifika katikati tu, mama akamzuia kwa kiganja.

— Hiyo si yangu. Hiyo ni ya kwake mwenyewe.

Akaeleza, na alivyokuwa akieleza sauti yake ilikuwa inabadilika, kuna kicheko kilikuwa kinatafuta mlango. Mwanawe akija likizo huichukua laini yake na kuichomeka kwenye simu ya mama, maana simu ya mama ina nafasi ya laini mbili na ya kwake betri imekufa. Muda wote wa likizo, namba hiyo ikipigwa, anayepokea ni mama. Akiondoka kurudi melini, anaichomoa anaondoka nayo. Walipomwuliza kazini namba ya mama yake, alitaja ile inayopatikana kwa mama, na sasa iko mfukoni mwake huko huko baharini.

— Subiri kwanza, alisema Bima, akipanga vidole. Kwa hiyo ofisi nzima, tangu alfajiri, inampigia mpishi?

— Ndiyo, alisema Tutawajuza.

— Kumwambia mpishi kwamba mpishi ni mzima.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka huku anajipiga paja, na baada yake hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Mteja wa kichwa nusu alitoka nje na kitambaa chake shingoni ili acheke vizuri. Waandishi wa habari kule getini waligeuka kutazama, wakidhani benchi limepata taarifa kabla yao, na kwa kweli lilikuwa limeipata.

Tutawajuza alipiga simu kwa dada wa chumba cha mawasiliano, akamwambia aache ile namba, mama amepatikana, na amwombe nahodha ampe mpishi ile simu ya setilaiti. Ilichukua muda. Wakakaa wote wameinamia simu ya Tutawajuza juu ya goti la mama. Ikakoroma, ikanyamaza, ikatoa sauti ya mbali.

— Mama?

— Ni mimi. Wewe ni nani?

— Mama, ni mimi.

— Leo nimesikia sauti nyingi, mwanangu. Sema jambo tunalolijua sisi wawili tu.

Simu ikakoroma tena, kisha sauti ikarudi.

— Siku ya kwanza naondoka kwenda melini ulinificha kiatu kimoja. Nikaenda na vya marehemu baba. Vilinibana mpaka bandarini.

Mama alifumba macho. Benchi likaangalia pembeni kwa heshima, huku masikio yamebaki pale pale.

— Ni wewe, alisema. Umeungua?

— Sijaungua. Sufuria ya maharage ndiyo imemwagika.

— Yote?

— Yote, mama. Meli ilitikisika nikaishika, ikanishinda.

— Basi wapikie nyingine, watu wamezima moto, wana njaa. Na uwape namba yangu hawa, ya kweli. Umenitembeza mjini na viatu vya nyumbani.

Akamwambia na mengine, ya chini chini, ambayo hata Nanga hakuyapata. Simu ilipokatika, Shangazi alitangaza kwamba kahawa ya raundi hii ni yake, na vikombe vikazunguka mpaka kwa wapita njia. Mama alimwita Kinyozi. Hakumgombeza. Alimwambia achukue simu yake, afungue yale makundi yote, na arekodi upya. Kinyozi akarekodi, sauti imepungua unene: ndugu zangu, nilisema neno nisilolijua, meli ipo, watu ni wazima, huyu hapa mama wa mpishi. Akampa simu. Mama akaikaribia, akasema mwanawe ni mzima, kamwaga maharage, na wanaotuma ujumbe wawe wanauliza kwanza. Halafu akamwambia Kinyozi akammalizie mteja yule nusu ya kichwa.

Mkurugenzi alipopiga, Tutawajuza alikuwa mwepesi mpaka akajishangaa. Alimwambia familia ya mwisho imepatikana na kanuni imetimia. Alimwambia pia kwamba lile neno "wazima" linarudi kwenye taarifa. Mama amezungumza na mwanawe, mtaa mzima umesikia, na kama mwanasheria bado ana shaka aje benchini awahoji mashahidi. Mkurugenzi akacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akasema sawa, lirudishe, na uje uisome wewe mwenyewe, mimi hii tai inaninyonga.

Taarifa iliyorekebishwa iliingia kwenye simu yake baada ya muda mfupi. Tutawajuza angeweza kuvuka barabara papo hapo. Lakini aliona kwamba aliyestahili kuisikia kwanza yuko mbele yake na kikombe mkononi. Akaomba utulivu, akajikohoza, akamsomea.

Ilikuwa nzuri. Ilisema meli imeshambuliwa, na neno lilikuwa hilo hilo, imeshambuliwa. Ilisema mabaharia wote ni wazima na familia zao zimejulishwa. Nanga alitikisa kichwa kwa kila nukta kama mtu aliyeiandika. Kisha ikafika mwishoni, mahali ambapo wakubwa wa ghorofa ya nne hawakupagusa tangu asubuhi kwa sababu hapakuwa na aliyepabishia: kwamba njia hiyo inajulikana kuwa na hatari, na kampuni ilichukua tahadhari zote kabla ya safari.

— Safi, alisema Bima. Hapo mwisho ndipo pamekaa kibima kabisa.

Yule mama alikuwa anapuliza kahawa yake. Uso wake bado ulikuwa na furaha, na aliuliza kwa upole tu, kama anayeuliza sukari iko wapi.

— Hapo mliposema njia inajulikana ni ya hatari. Inajulikana na nani?

— Na kampuni, mama. Na wenye meli wote.

— Mwanangu naye mlimwambia? Kabla hajapanda?

Tutawajuza alitazama simu yake. Jibu halikuwamo. Alikuwa na ile taarifa tangu alfajiri, ameipigania neno kwa neno, na swali hilo hakuwa amelisikia likiulizwa na mtu yeyote, pamoja na yeye mwenyewe. Mashine ya Kinyozi ilizimika ndani ya kibanda.

— Sijui, mama, alisema Tutawajuza.

— Si kosa kutokujua. Nenda kawaulize, uje uniambie. Mimi sina haraka tena, mwanangu ni mzima.

Akamwachia tabasamu, akampa Shangazi kikombe chake kiongezwe. Tutawajuza akasimama, akavuka barabara, akawapita waandishi wa habari waliomnyooshea vinasa sauti, akawaomba wamsubiri kidogo. Lifti ilikuwa wazi ikimngoja lakini alipanda ngazi, apate muda wa kulirudia lile swali kimoyomoyo kama lilivyoulizwa, kwa sababu aliijua ghorofa ya nne, na hakutaka wapate nafasi ya kulinyoosha mpaka lisiwe swali tena.